Saa ya desktop inaruka masaa matatu nikiingia Ubuntu, naombeni msaada

Mama Steshenari
Habari zenu wakuu. Desktop yangu ya dukani ina mifumo miwili, Windows 10 na Ubuntu 22.04, kwenye diski moja. Nikitoka Windows nikaingia Ubuntu, saa inaruka mbele masaa matatu kamili. Nikiwasha intaneti ya simu inajirekebisha yenyewe, lakini nikirudi Windows, huko nako iko nyuma masaa matatu. Risiti za wateja zinatoka na saa zisizoeleweka na nimechoka kuseti kwa mkono. Fundi anasema betri ya mazabodi imekufa, anataka hela ya kubadilisha. Nimpe?

Fundi Kitaa
Usimpe kwanza. Betri ikifa, tarehe yenyewe inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na brauza inaanza kugomea tovuti kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Yako inapishana masaa matatu yale yale. Hiyo si betri.
Kama unataka uhakika, zima mashine, chomoa waya ukutani, iache usiku kucha. Asubuhi ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe) moja kwa moja uangalie tarehe kabla ya kufungua Windows au Ubuntu. Ikiwa sawa, betri ni nzima. Ikibidi kununua, nyingi zinatumia CR2032, ile ya volti 3 inayofanana na sarafu.

Mzee wa Terminal
Dada, ukiwa Ubuntu bila intaneti fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika `timedatectl` utuwekee majibu hapa, pamoja na saa ya simu yako.

Mama Steshenari
Local time 13:40, Universal time 10:40, RTC time 10:40, Time zone Africa/Dar_es_Salaam. Simu yangu inasoma 10:40, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Mzee wa Terminal
Tatizo ndilo hilo. RTC ni saa ya kwenye mazabodi. Windows inaandika humo saa ya hapa kwetu. Ubuntu ikiisoma inaichukulia kuwa ni UTC, yaani saa ya kimataifa, na kwa kuwa sisi tuko UTC+3, inaongeza masaa matatu. Ukiwasha intaneti, Ubuntu inapata saa sahihi kisha inaandika UTC kwenye mazabodi, ndiyo maana Windows inaikuta imerudi nyuma. Mifumo yote miwili ni mizima, ila haijakubaliana.
Mimi naona bora Windows ndiyo ibadilike, nayo ianze kutumia UTC kwenye mazabodi. Ukiwa Windows fungua Command Prompt (dirisha lake la amri) kama administrator, andika kwa mstari mmoja:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kisha washa upya, ingia Ubuntu ikiwa na intaneti, hakikisha saa imekaa sawa, ndipo urudi Windows.

kijana_wa_mint
Mbona kuna njia fupi? Ubuntu andika `timedatectl set-local-rtc 1`, nayo itasoma saa ya mazabodi kama saa ya hapa kwetu, Windows huigusi kabisa.

Mzee wa Terminal
Inafanya kazi, mdogo wangu, ila timedatectl yenyewe inatoa onyo ukiitumia hivyo. Nchi zinazosogeza saa majira ya joto, kama Uingereza, hapo ndipo vurugu inapoanza. Afrika Mashariki hatusogezi, kwa hiyo madhara ni madogo. Lakini dada achague njia moja tu. Akifanya zote mbili, saa itaruka tena, safari hii Windows ndiyo itakuwa mbele.

Mama Steshenari
Nimefuata ya reg add. Nimeingia Ubuntu, nikarudi Windows, nikaingia tena Ubuntu nikiwa nimezima intaneti: saa ni ile ile ya simu. Asanteni sana, mmeniokolea hela. Betri nitaipima leo usiku nikifunga duka.

bibi_data
Samahani nidandie hapa. Mimi nina Ubuntu peke yake kazini, saa inachelewa dakika kadhaa. `timedatectl set-ntp true`, ile ya kuifanya ijiseti kwa intaneti, nimeshaweka, bado inaandika "System clock synchronized: no".

Fundi Kitaa
Jaribu kuiunganisha na intaneti ya simu yako. Ikijiseti, basi mtandao wa ofisi umefunga UDP 123, mlango ambao NTP, njia ya kompyuta kuchukua saa mtandaoni, inapitia. Mwombe anayesimamia mtandao aufungue, au akupe anwani ya seva ya saa ya humo ndani uiandike kwenye `/etc/systemd/timesyncd.conf`, mstari wa NTP=, kisha `sudo systemctl restart systemd-timesyncd`.