RX-3 au RX-7 ya kwanza: nichukue ipi?

Rota_Leicester
Wakuu, nimeweka akiba miaka mingi nipate Mazda ya rota, yaani yenye injini ya rota zinazozunguka badala ya pistoni. Zimebaki mbili, zote zilitoka Japani, usukani kulia: Savanna RX-3 GT ya 1973 na RX-7 ya 1980. Injini ni 12A ya rota mbili kwa zote, cc 1146. RX-3 bei yake iko juu mno, lakini ndiyo ninayoiota usiku. Nishaurini.

Mzee wa Kona
Ndoto yako naielewa, ndugu yangu. RX-3 ndiyo iliyoiangusha Skyline GT-R ya Nissan pale Fuji, uwanja wa mbio wa Japani, Desemba 1971, wakati GT-R ilishazoeleka kushinda kila resi. Haifiki hata kilo 900. Ila nyuma ina springi za vyuma bapa kama pikapu, na barabara ikiwa mbovu mkia unarukaruka kwenye kona. RX-7 ina koili, na injini imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukiingia nayo kwenye kona, gari linakufuata unavyotaka. Kwa kuendesha, mimi nachukua RX-7 bila kusita.

Mama Savanna
Mimi ninayo RX-3 na siiuzi. Lakini mkuu, vipande vya bodi vinatafutwa kwa tochi. RX-7 za kizazi kile zilitengenezwa zaidi ya 470,000, spea utapata. Inua zulia, pitisha kidole chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Kutu ndiyo itakayokumaliza mfukoni.

Fundi 12A
Kabla ya moyo, sikiliza injini. Kata umeme wa plagi na petroli, toa plagi moja ya rota ya mbele, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, mwenzako apige stata. Rota ina pande tatu, kwa hiyo usikie puf, puf, puf zinazolingana. Ukisikia moja yenye nguvu na mbili dhaifu, sili ya ncha, ile inayoziba kwenye kona ya rota, imekwisha, maana ncha moja hutenganisha vyumba viwili. Rudia kwa rota ya nyuma. Tena, hiyo injini hula oili kwa makusudi ili kulainisha sili, kwa hiyo pima kila unapojaza petroli. Na usiiwashe ikiwa baridi, ukaisogeza mita tano na kuizima. Petroli itajaa ndani na haitawaka tena kirahisi.

Rota_Leicester
Nimerudi, wakuu. RX-3: rota ya nyuma puf moja nzito, mbili kama pumzi ya mgonjwa, na muuzaji hataki kushusha bei. RX-7: sita zote sawasawa, kutu kidogo kwenye tao la kushoto. Nimelipa arubuni ya RX-7. Fundi, ni oili gani unaitumia?

Fundi 12A
Hongera sana! Weka ya kawaida ya madini, 20W-50. Na utuwekee picha hizo taa zake za kujificha zikiwa zimeinuka.