Mkeka wa bodi (orodha ya walioteuliwa): jina lako liliingiaje, au liliishia wapi? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mdogo wangu aliomba udereva serikalini kupitia Ajira Portal, ule mtandao wa serikali ya Tanzania wa kuombea kazi. Mchujo, usaili wa vitendo, matokeo yakatoka, kila namba na alama yake. Akakosa, wakamweka kanzidata, ile orodha ya akiba, baadaye akapangiwa kituo. Hajaripoti vizuri, ukatoka mkeka wa bodi ya taasisi hiyohiyo. Dereva kasailiwa mara mbili; wanaosimamia taasisi nzima sikuona tangazo lao popote. Najua mashirika mengi mwenyekiti huteuliwa na Rais, wajumbe na waziri. Hapo sina ugomvi. Nauliza jina linafikaje mezani. Mliopita huko, semeni.

Mzee wa Shamba
Nilikaa bodi moja miaka mitatu. Nilipigiwa simu nikiwa na bomba mgongoni napulizia nyanya: "Tuma CV kabla ya saa kumi." Ya nini, sikuuliza. Stationery ya pale kijijini printa imeisha wino, nikaipiga picha ile ya zamani, nikatuma WhatsApp, na doa la chai juu yake.

Baada ya wiki kama tatu majirani wakaanza kuniambia kuna watu wanauliza habari zangu: nadaiwa? nakunywa? Upekuzi ulifanyika, nisiseme uongo. Ila walimpekua mtu mmoja ambaye tayari keshapendekezwa. Hakuna wa pili niliyeshindanishwa naye. Aliyenitaja simjui mpaka leo; namhisi mwalimu wangu wa chuo.

Kikao cha kwanza nikawekewa kabrasha la hesabu, nene kama tofali. Tulikuwa saba, mhasibu hakuna. Tuliitikia tu.

Kijiwe
Mzee, shamba ninalo, CV ninayo. Simu naichaji usiku na mchana.

Wa Nakuru
Jameni, kwetu Kenya makaratasi ndiyo mengi. Niliomba nafasi ya bodi iliyotangazwa gazetini. Vibali vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (kupambana na ufisadi) na CRB (rekodi za madeni), halafu cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, shilingi 1,050, nikatoka Huduma Centre vidole vyeusi kwa wino. Tukaketi kwenye benchi watu watano kungoja mahojiano. Aliyechapishwa kwenye Gazeti Rasmi hakuwa miongoni mwetu.

Nikaandika barua nikitaja Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachonipa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Miezi minne, jibu mstari mmoja: hukufanikiwa. Sasa hiyo ni sababu au ni habari? Tuna hata sheria ya 2008 inayokataza kabila moja kuzidi theluthi ya wafanyakazi wa taasisi ya umma. Nzuri, lakini inahesabu walio ndani. Sisi wa benchi hatuhesabiwi popote.

Mleta mada
Mzee wa Shamba, ulitokaje?

Mzee wa Shamba
Muda uliisha, simu haikuja. Mkeka mpya niliusoma kwenye simu ya mke wangu.