Kwa nini jeni ya CUP1 haiwashwi na kadimiamu?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninafahamu kwamba jeni ya CUP1 huipa hamira protini inayokamata shaba iliyozidi ndani ya seli. Nisichoelewa ni jinsi seli inavyotambua kwamba wakati wa kuiwasha jeni hiyo umefika, na kama jeni hiyohiyo hutumika kadimiamu, metali yenye sumu, inapoingia.

Jibu la kwanza
Mtambuzi ni protini nyingine, Ace1. Shaba inapokuwa haba, Ace1 haina umbo linaloweza kushika DNA. Lakini ayoni nne za shaba zikishajipachika kwenye sisteini zake (amino asidi zenye salfa), hujikunja, ikashika DNA iliyo kando ya CUP1 na unukuzi, yaani kunakiliwa kwa jeni hiyo, ukaanza. Cup1 yenyewe, yaani protini itokanayo na jeni ya CUP1, ni fupi mno, ila ina sisteini 12, na ni salfa ya sisteini hizo inayoifumbata shaba.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu kadimiamu, maana hapo ndipo wengi hukosea. Cup1 ina uwezo wa kuikamata kadimiamu, lakini Ace1 haiitambui, hivyo jeni hubaki imelala ilhali sumu imeshaingia. Seli hutegemea zaidi glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa: kadimiamu hufungwa nayo, kisha pampu ya Ycf1, ambayo jeni yake huwashwa na protini ya Yap1, huusukuma mchanganyiko huo ndani ya vakuoli, kifuko cha kuhifadhia vitu ndani ya seli. Kwa kuwa glutathioni hula salfa nyingi, Met4, protini iwashayo jeni ambayo kwa kawaida hudhibitiwa na protini nyingine, Met30, huachiliwa ili iwashe jeni za kutengeneza sisteini. Linalonishangaza kila nikilirejea ni ubahili wa seli hii: huacha kutengeneza kwa wingi kimeng'enya cha Pdc1, kilichojaa salfa, na badala yake hutumia Pdc6, ambacho hufanya kazi ileile kwa salfa kidogo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, tukiilazimisha CUP1 ifanye kazi bila kuingojea Ace1, seli itaistahimili kadimiamu?

Jibu la pili
Naam, seli zilizopewa nakala nyingi za CUP1 zimeonekana kustahimili kadimiamu kuliko zile za kawaida. Aseniki, sumu nyingine, kwa upande wake ina mtambuzi wake, Yap8, ambayo huwasha jeni ya Acr3, pampu inayoitoa nje ya seli badala ya kuihifadhi ndani.