"Mzani umenunua, mkono je, utanunua wapi?" Huyu mwalimu wa keki leo kanivuruga

Wakuu, naandika nikiwa natetemeka, herufi zikikosewa mnisamehe.

Yule mwalimu wa keki wa mitandaoni mnamjua. Yule wa kucha ndefu na "wapendwa wangu wa jikoni". Tumelipia darasa lake la WhatsApp, akatuma vipimo: unga wa ngano vikombe 2, pembeni kaandika GRAMU 500. Mimi nina mzani. Nikapima 500 kamili, punje haikuzidi. Rojo likawa gumu mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati ya bakuli. Nikajipa moyo, si mtaalamu kasema.

Mama mkwe katoka Moshi, kisu kikaingia nusu kikagoma. Mama wa watu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya kuchovya?"

Sasa leo asubuhi nauliza kwenye kundi, kwa adabu zote: "Madam, kikombe kimoja cha unga ni gramu ngapi?" Anajibu kwa sauti, anatafuna kitu: "Kikombe ni ml 250, kwa hiyo gramu 250, hayo ni ya shule ya msingi mamii. Mzani umenunua, mkono je, utanunua wapi?"

Mkono je, utanunua wapi! Kundi zima linasikia! Chawa wake wakamwaga vicheko ukurasa mzima, hata shoga yangu niliyemwingiza mimi mwenyewe kacheka. Nimeirudia ile sauti mpaka bando limekata. Hilo "mamii" ndilo lililoniua. Mkono wangu una kosa gani jamani?

Mgosi wa Tanga: Hii chai. Keki yenyewe iko wapi? Weka picha.

Fundi Mwashi: Mkuu, vipande vimebaki vingapi? Nina msingi wa choo naumalizia.

Bi Mkubwa Jikoni: Acheni utani. Maji ml 250 ndiyo gramu 250. Unga ni mwepesi, una hewa: ukiuchekecha, ukaumimina kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, kikombe hichohicho hakivuki sana gramu 125. Ukiuchota kwa kukandamiza unaweza kupita 150. Sukari inafika 200. Sasa 500 ni kama vikombe 4, kakuwekea unga mara mbili. Na vikombe vya mapishi ya Wamarekani ni kama ml 237, tena vidogo kidogo.

Mleta mada: Asante dada, ila umeisikia alivyosema "mkono je"? Nikutumie sauti?

Mzee wa Kahawa: Bibi yangu alipika mikate ya sinia kwa kibaba na jicho. Nyie na mizani yenu mnalisha watu matofali.

Mgosi wa Tanga: Bibi yako alikuwa na mkono. Alinunua wapi? 😂😂😂

Mleta mada: Mods, huyu mtu atolewe.

Dada wa Sokoni: Afadhali wewe umepewa unga mwingi. Mimi jana nimenunua mchele kwa sado, nageuza sado kitako kimebonyezwa kwa ndani. Nikiuliza naambiwa nina dharau.

Jirani wa Kisumu: Hata huku, gorogoro ya mahindi inagongwa chini mpaka inabonyea. Ni ugonjwa wa Afrika Mashariki nzima.

Mkulima Halisi: Sado ni cha mtoto. Njooni shambani muone lumbesa. Gunia limejaa, linashonewa kilemba juu, bei ileile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wakitangaza msako, madalali wanajua kabla yetu.

Dalali Mstaafu: Kilemba mnashona wenyewe usiku, asubuhi mnalia.

Mkulima Halisi: Usinichafue. Vitunguu vyangu vya Mang'ola nimepakia kwa macho yangu.

Mleta mada: Jamani, uzi ni wa keki. Nimeambiwa MKONO.

Dalali Mstaafu: Mama keki subiri kidogo. Wewe wa Mang'ola, gunia walikupa shilingi ngapi?