Nimeuliza kama mbwa amechanjwa, nimejibiwa "Na wewe umechanjwa?"

Wakuu, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikirudia jambo moja mara nyingi. Jioni hii, pale bombani, mbele ya akina mama waliopanga ndoo na vijana wa bodaboda waliokuwa wanaosha pikipiki zao, nimemuuliza mtu mzima mwenye mvi swali la maneno matatu: "Mbwa wako amechanjwa?" Akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ziwa: "Na wewe umechanjwa?" Watu wakacheka. Mwanangu alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika kitenge changu, bandeji mguuni, na watu wakacheka!

Jina silitaji kwa sababu hakuna haja. Yeyote anayeishi huku kwetu Mabatini, Mwanza, upande wa juu kwenye mawe, ameshamjua kabla ya kufika aya hii. Ni nyumba ile ambayo ugomvi wake husikika Ukerewe bila kulipa nauli ya meli, na ambayo sahani zake nyingi zimevunjikia uani kwa majirani kuliko zilizowahi kuliwa chakula. Mama wa nyumba hiyo alichoka, akachukua watoto wake, akavuka Kigongo kurudi kwao Sengerema, na mimi simlaumu hata kidogo. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamlisha mbwa. Tangu aondoke, sufuria ya mbwa imekauka, kamba imekatika, na mnyama amekuwa mgeni wa mtaa mzima.

Anayeijua Mwanza anajua kwamba nyumba zetu za mlimani zimekaa juu ya majabali, njia ya huyu inapita uani kwa yule, na hakuna fundi atakayekujengea uzio juu ya jiwe lenye ukubwa wa lori. Mbwa hupita anapotaka. Amekula dagaa wa jirani yangu waliokuwa wameshakauka tayari kupelekwa sokoni Mwaloni, amefunua masufuria ya watu, na ratiba ya kupika ya kila nyumba anaijua kuliko wenye nyumba. Nimemwona kwa karibu. Shingoni bado ana kipande cha kamba ya nyavu, ile ya nailoni ya kijani, aliyofungwa angali mdogo na haikulegezwa alipokua. Imezama kwenye ngozi mpaka manyoya yamenyonyoka na nyama inaonekana, na nzi hawabanduki hapo. Ukimtupia ganda la muhogo analimeza bila kutafuna. Huyo mbwa simchukii. Ningekuwa na njaa ile na kidonda kile, hata mimi ningeng'ata mtu.

Ila aliyeng'atwa ni mwanangu, kwenye shavu la mguu, akiwa ametumwa chumvi. Damu ilitoka. Nilimwosha kidonda kwa sabuni ya mche na maji ya kutiririka kwa dakika 15, nikitazama saa huku naye akipiga kelele, maana hilo ndilo la kwanza kufanywa mtu aking'atwa, kabla hata ya kutafuta nauli. Hospitali wameanza kumchoma sindano za kinga ya kichaa cha mbwa, na sindano hizo hazichomwi mara moja zikaisha: kuna ya siku ya kuanza, ya siku ya 3, ya siku ya 7, na kuendelea kwa tarehe walizoniandikia. Wakaniambia pia nikaulize kama mbwa amechanjwa, na kwamba mwenye mbwa amfunge, ampe chakula na maji, amwangalie kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi alipong'ata hamalizi siku hizo akiwa mzima. Na mtoto aendelee na sindano zake bila kusubiri, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa binadamu, kinachofuata karibu kila mara ni kuzika.

Sasa mnaelewa kwa nini niliuliza. Sikwenda bombani kusuta mtu. Sikutaja dagaa, sikutaja kelele za usiku, sikumwulizia mkewe. Nilitaka "ndiyo" au "hapana", niondoke na ndoo yangu. Badala yake: "Na wewe umechanjwa?" Mzee mwenye wajukuu! Akaongeza kwamba mbwa si wake, ni wa mama watoto, tumfuate Sengerema. Juzi tu, kijana mmoja alipomrushia mbwa huyo huyo jiwe, mzee alitoka na panga akiuliza ni nani amempiga mbwa wake. Kwa hiyo akipigwa ni wa mzee, aking'ata ni wa Sengerema.

Vijana wa hapa wanataka kumuua kwa mawe usiku huu. Nimewasihi wasifanye hivyo, maana akifa leo hatutaona siku 10 zake zingeishaje, na mbwa hakujifunga kamba ile mwenyewe. Lakini mwenye wajibu wa kumfunga amekaa kibarazani kwake, na nina hakika anasimulia jibu lake kwa kila apitaye.

Nami namjibu hapa, kwa kuwa pale bombani koo lilinikauka. Ndiyo, mwanangu anachanjwa, kwa maumivu yake na kwa nauli yangu. Haya, na yeye ajibu: mbwa amechanjwa?

Mvuvi wa Igogo: Pole sana, dada. Mtoto amalize sindano zote, usiache hata moja kwa sababu tu kidonda kimepona. Kidonda hupona huku virusi vikipanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na inaweza kuchukua wiki au miezi. Huyo mzee tunamjua hata sisi wa Igogo.

Jirani wa Chini: Nilikuwepo bombani. Ni kweli alisema hivyo na ni kweli watu walicheka, ingawa mimi nilicheka kidogo tu. Ila mleta mada, swali la maneno matatu umelifungulia uzi mrefu kuliko foleni ya ndoo. Mwenyekiti wa mtaa yupo, mtendaji yupo, ofisa mifugo wa kata yupo, wewe unatuandikia sisi.

Mleta mada: Ofisa mifugo nimeshampigia, ameahidi kuja asubuhi. Uzi huu unahusu mtu mzima kumjibu mama wa mtoto aliyeng'atwa "Na wewe umechanjwa?" Na wewe uliyecheka kidogo, nimekuona.

Baba wa Wawili: Kwa kweli, dada, alikuweza. Mtaa mzima tangu jioni ukimuuliza mtu kama amekula, anakujibu "Na wewe umechanjwa?"

Mama Dagaa: Baba wa Wawili, huna haya. Dagaa walioliwa ni wangu, na mwanao hucheza na mbwa huyo huyo kila siku. Mkague miguu kabla ya kuandika.

Msoma Sheria: Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Anayefuga mnyama ana wajibu wa kumpa chakula, maji na matibabu, na kumwacha mbwa na kamba iliyozama shingoni ni ukatili hata kama hajamng'ata mtu. Mleta mada apige picha ya shingo hiyo kabla kamba haijaondolewa. Chanjo ya mbwa nayo haina kisingizio, maana kila ifikapo Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na watu hutangaziwa wapeleke mbwa wao.

Mkulima wa Buswelu: Sheria hiyo ije na huku Buswelu. Ninyi mnalalamikia mbwa mmoja wakati mimi mbuzi wa jirani wamemaliza tuta zima la mchicha, na nikimwambia ananiuliza kama mchicha wangu una jina.

Mkazi wa Kitangiri: Afadhali mbuzi ana mwenyewe. Sisi kuna jirani anamwaga matumbo ya samaki nyuma ya nyumba, makorongo yamehamia juu ya bati langu na mabati yamekuwa meupe kwa kinyesi. Hao nikamshtaki nani?

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mbwa.

Mkazi wa Kitangiri: Mbwa wako atakuja kufungwa kesho asubuhi. Korongo anafungwaje?

Jirani wa Chini: Mshtaki anayemwaga matumbo, si korongo. Nenda kwa ofisa afya wa kata.

Mkulima wa Buswelu: Mimi mbuzi mmoja nimeshamfunga uani kwangu. Hatoki mpaka nilipwe mchicha.

Msoma Sheria: Usifanye hivyo, mkuu. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa leo hii mbele ya mashahidi, la sivyo jirani ataamkia polisi kusema umemwibia.

Baba wa Wawili: Huyo mbuzi ni jike au beberu?

Mkulima wa Buswelu: Ni beberu, na sasa hivi ameanza kula nguo zilizoanikwa.