Zege tupu ndani ya nyumba: kuna aliyeishi nalo kweli?

Kuta_Nne
Habari zenu wakuu. Kuna jambo linanizungusha kichwa mwezi wa pili huu. Naupenda sana usanifu wa kibrutali, yale majengo mazito ya zege lisilopigwa lipu wala rangi, na nataka kuuleta sebuleni kwangu: ukuta mmoja mkubwa nyuma ya kochi, meza ya zege, na ikiwezekana kaunta ya jikoni. Mwenzangu kaona picha akasema nataka kumweka selo. Nilimbishia ila usiku nikabaki nawaza, mbona watu wengi wanayachukia haya majengo, mengine yanavunjwa kabisa? Shida ni zege lenyewe au ni namna linavyotumika? Na mliowahi kuishi nalo ndani mnalionaje baada ya mwaka wa kwanza, maana picha za mtandaoni zinapigwa siku fundi anakabidhi kazi.

msoma_ramani
Mkuu tuanze na jina maana ndo linapotosha wengi. Halina uhusiano na ukatili, limetoka kwenye Kifaransa, béton brut, yaani zege ghafi, likitoka kwenye mbao za kumwagia linaachwa hivyohivyo. Msanifu Le Corbusier ndo alilipa umaarufu na lile jengo lake la Marseille, Ufaransa, Unité d'Habitation, lililokamilika 1952, nyumba 337 ndani ya jengo moja. Vita ya Pili ya Dunia imeisha juzi tu, chuma hakipatikani, watu hawana pa kuishi, zege likawa ndo linalowezekana. Ila liangalie vizuri, kuta za pembeni za vibaraza vyake zimepakwa nyekundu, njano, bluu, kijani! Anayesema mtindo huu ni kijivu mwanzo mwisho hajalitazama hilo.

Afu kuna shule ya Hunstanton kule Uingereza, ya wasanifu Alison na Peter Smithson, mtu na mkewe, 1954, inahesabiwa kati ya majengo ya mwanzo kabisa ya mtindo huu na sehemu kubwa ni chuma, matofali na vioo. Kilichoifanya iwe ya kibrutali ni kwamba haijaficha kitu, mabomba yanaonekana, mihimili inaonekana, unajua jengo limesimamaje kwa kulitazama tu. Kwahiyo ukipaka rangi ya kuiga zege juu ya ubao wa jasi utapata rangi ya kijivu na basi. Kama ukuta wako ni wa matofali mazuri, bandua lipu uyaache wazi, utakuwa umeukaribia huu mtindo kuliko hao wa picha.

fundi_mbao
Kazi yangu ni kutengeneza mbao za kumwagia zege, niongee ninachokijua. Zege linakopi kila kitu. Ukiliwekea ubao uliopasuliwa kwa msumeno bila kupigwa randa, siku ya kubandua unakuta nyuzi za mti zimehamia ukutani, mafundo yapo, hata kichwa cha msumari kimeacha alama. National Theatre, jumba la maigizo la London alilolisanifu Denys Lasdun, iliyofunguliwa 1976, kuta zake ndo ziko hivyo, ukiwa mbali unaona mlima wa zege, ukisogea unaona mbao. Barbican, eneo la makazi na sanaa hukohuko London, waliacha zege likauke, ndo mafundi wakaligonga kwa mkono kutoa ile ngozi ya juu mpaka kokoto zikajitokeza. Eneo lote lile! Mtu akiniambia majengo hayo hayana utu huwa inaniuma, maana kila shubiri imepitiwa na mkono wa mtu.

Sasa kuhusu kwako. Zege mita moja ya ujazo ni kama kilo 2400, kwahiyo kaunta ya unene wa sentimita 5 ni kilo 120 kwa kila mita ya mraba, hayo makabati yatabeba? Ndimu na siki zinakula saruji, usipoliziba vizuri kwa dawa na kurudia kila linapochakaa utaona madoa meupe kila ulipokamulia. Mimi jikoni ningeweka mbao.

ghorofa_ya_tisa
Nimeishi miaka 11 kwenye jengo la hivi, nalipenda mpaka leo, ila nitasema ukweli. Tatizo kubwa ni matunzo. Hewa ya kaboni dioksidi inaingia taratibu kwenye zege, inaondoa ile kinga ya nondo, maji yakifika nondo inapata kutu na kutu inavimba, zege linapasuka kutokea ndani. Kibarazani kwetu kilidondoka kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakuta nondo imechanika matabaka kama maganda ya kitunguu. Wenye jengo waliambiwa mara ngapi, wakaja kupaka rangi juu. Halafu jengo likishachakaa watu wanasema usanifu ndo mbaya. Robin Hood Gardens, nyumba za ghorofa za London za haohao Smithson, ya 1972, ilianza kuvunjwa 2017, na jumba la makumbusho la V&A likachukua kipande chake likakihifadhi. Kipande kimetunzwa, waliokuwa wanaishi humo wakahamishwa. Hilo bado linanisumbua.

Ndani ya nyumba jiandae na mwangwi. Zege, sakafu ngumu na kioo vikikutana, kijiko kikidondoka jikoni unakisikia chumbani. Zulia zito, mapazia marefu na rafu ya vitabu vilinisaidia kuliko chochote. Na taa usiitundike katikati ya dari, iweke pembeni imulike ukuta kwa ubavu, mwanga wa njano, hapo ndo utaona ukuta una uhai. Taa nyeupe kali ndo inaleta hiyo selo.

Kuta_Nne
Asanteni sana, nimemsomea mwenzangu yote. Kaunta itakuwa ya mbao na meza ya zege tumeiacha. Ukuta tumekubaliana uwe na alama za mbao kama alivyosema fundi, kwa vipande vyembamba vya kufunga ukutani. Fundi, mbao zilale au zisimame? Dari letu ni fupi.

fundi_mbao
Dari fupi simamisha, jicho litapanda juu. Changanya mbao za upana tofauti, usipige randa, na zilowanishe kabla ya kumwaga zisije zikanyonya maji ya zege. Nenda na mwenzio mkachague mbao pamoja, aangalie mafundo anayoyapenda, maana ndo atakayokuwa anayatazama kila siku.