D.C. United 1996: imepoteza mechi 16, imekuwaje bingwa?

Swali: Wakuu, msimu wa kwanza wa MLS (ligi kuu ya soka kule Marekani) D.C. United walishinda 16, wakafungwa 16, sare hakuna. Pointi 46. 16 mara 3 si 48? Na kombe walilipataje?

Jibu 1: Sare haikuwepo kabisa, mkuu. Enzi hizo mkilingana baada ya dakika 90 mlikuwa mnaenda kwenye mikwaju, ila si penalti: mpigaji anaanzia yadi 35 na mpira, ana sekunde 5, na kipa ruksa kutoka. Kipa mjanja alichomoka mapema kuziba pembe, jamaa anachenga mpaka muda unamwishia. Ushindi huo ulikuwa pointi 1, aliyepoteza 0, ila wa kawaida pointi 3. United: ushindi 15 wa kawaida (45), wa mikwaju 1. Basi, 46.

Jibu 2: Ligi ilikuwa na timu 10, nane zikaingia mtoano, na bingwa alipatikana huko! Ndiyo maana Tampa Bay Mutiny waliongoza kwa pointi 58 na kombe hawakulibeba. Fainali ilipigwa uwanja wa Foxboro, Massachusetts, Oktoba 20, mvua kubwa. LA Galaxy wakatangulia 2-0. Kocha wa United, Bruce Arena, akaingiza Tony Sanneh na Shawn Medved, wote wakafunga, ikawa 2-2.

Muuliza swali: Bao la tatu je?

Jibu 2: Kona ya kiungo wao Marco Etcheverry, kichwa cha beki Eddie Pope, dakika ya 94, maana fainali ilikuwa na muda wa ziada kabla ya mikwaju. Bao la dhahabu, mpira ukaishia hapo hapo.